Dhahabu, vibao au vigae: umchague nani kati ya Schliemann, Rassam na Petrie?

Kila mwaka wanafunzi wangu wa historia huchagua mwanaakiolojia mmoja wa karne ya 19 wa kumsoma kwa undani, na kila mwaka wengi humkimbilia Heinrich Schliemann. Sababu ni ile picha ya kinyago cha dhahabu. Siwakatazi. Lakini kabla hawajaandika jina, huwaomba wamweke kando ya wengine wawili, Hormuzd Rassam na Flinders Petrie, wawapime wote kwa kipimo kimoja. Ulinganisho huo ndio ninaouandika hapa, kwa yeyote anayetaka kuanza na mtu mmoja na hajui aanze na yupi.

Kipimo changu ni hiki. Kuchimba ni kazi isiyorudiwa. Kitabu ukikisoma vibaya leo, utakifungua tena kesho. Tabaka la udongo ukishalipiga sururu na kulimwaga pembeni, limekwenda. Kwa hiyo swali langu kwa kila mmoja wao ni moja: ulipoondoka uliacha nini ambacho mtu mwingine, hata baada ya miaka mia, anaweza kukishika, akakukagua, na ikibidi akakukosoa? Thamani ya alichokipata huja baadaye.

Wapo wengine waliostahili kuingia. Auguste Mariette alifukua Serapeum ya Saqqara, makaburi ya mafahali watakatifu wa Misri, na Jenerali Pitt-Rivers alichimba kwenye ardhi yake kusini mwa Uingereza kwa uangalifu unaopendeza hadi leo. Nimewaacha kwa kuwa watatu hawa wanasimamia vitu vitatu vilivyo mbali kabisa: Schliemann dhahabu, Rassam maandishi kwenye vibao vya udongo, Petrie vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika.

Schliemann, na mji alioukata katikati

Schliemann alizaliwa mwaka 1822 kaskazini mwa Ujerumani katika familia isiyo na fedha. Alitajirika kwa biashara St. Petersburg, akauza nili na kufaidika na vita vya Crimea, akapitia pia California wakati wa kukimbilia dhahabu. Lugha alijifunza mwenyewe, moja baada ya nyingine. Alipokaribia miaka 50 aliacha biashara akaenda kuutafuta mji wa Troy unaoimbwa na Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, wakati wasomi wengi waliuona kuwa ngano tu.

Kilima cha Hisarlik, kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo, hakukigundua yeye peke yake. Frank Calvert, Mwingereza aliyekuwa akiishi huko, alimiliki sehemu ya kilima, alikuwa ameshaanza kukichimba miaka ya 1860, na mwaka 1868 ndiye aliyemshawishi Schliemann kwamba mahali ni hapo. Jina la Calvert likafunikwa kwa muda mrefu. Mwanafunzi akimchagua Schliemann, namwambia aanze na Calvert, la sivyo atairudia hadithi kama Schliemann alivyotaka isimuliwe.

Alianza kuchimba mwaka 1870, bila kibali. Akarudi 1871 hadi 1873 akiwa na vibarua wengi, akakata handaki kubwa lililopasua kilima toka upande mmoja hadi wa pili. Aliamini Troy ya Homer lazima iwe chini kabisa, basi yaliyo juu akayaondoa kama kifusi. Hisarlik ina miji tisa iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Ile inayolingana na zama za vita vya Troy, kama vita hivyo vilikuwapo, ni ya sita na ya saba. Schliemann aliipita, na sehemu yake nzuri aliibomoa akielekea mji wa pili ulio chini.

Huko chini, mwaka 1873, akakuta vyombo vya shaba, fedha na dhahabu, mataji na maelfu ya shanga, akaviita Hazina ya Priam. Hazina hiyo ni ya mji wa pili, nayo imemtangulia mfalme Priam wa hadithi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Calvert, mwaka huohuo wa 1873, alishaandika gazetini kwamba kati ya vitu vilivyofukuliwa kuna pengo, na kwamba kipindi kinachohusika na Homer hakionekani. Rafiki akasema ukweli, urafiki ukavunjika.

Kisha kuna suala la uaminifu. Schliemann aliandika kwamba mkewe Sophia alikuwa pale, akaibeba hazina ndani ya shali yake. Sophia siku hizo alikuwa Athens. Hazina ilitoroshwa nje ya milki ya Osmani, serikali ikamshtaki, naye akalipa fidia. Baadaye akaizawadia Ujerumani. Mwaka 1945 jeshi la Kisovyeti liliichukua kutoka Berlin, na kwa karibu nusu karne haikujulikana iliko, hadi Urusi ilipokiri. Sasa ipo Makumbusho ya Pushkin, Moscow, na Uturuki, Ujerumani na Urusi kila moja ina la kusema juu yake.

Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, alifanya vizuri zaidi, kwa sababu hakuachwa peke yake. Mwaka 1876 Wagiriki walimwekea msimamizi, Panagiotis Stamatakis, aliyemfuata hatua kwa hatua, akimzuia na kuandika. Alifukua makaburi matano, na humo yakatoka yale mavinyago ya dhahabu. Kile mashuhuri kinachoitwa cha Agamemnon, mfalme wa Mycenae katika hadithi za Homer, ni cha karne ya 16 KK, mapema mno kwa Agamemnon yeyote wa vita vya Troy. Kaburi la sita alilipata Stamatakis mwenyewe mwaka uliofuata.

Nikisema hayo simfuti. Kabla ya Schliemann, waandishi wakubwa wa historia ya Ugiriki walianzia michezo ya Olimpiki ya mwaka 776 KK, na yote ya nyuma wakayaita visasili. Yeye alifungua miaka elfu na zaidi ya nyuma ya hapo, kwa mikono yake na fedha yake. Na alijifunza: mwaka 1882 alimwajiri msanifu majengo Wilhelm Dörpfeld, aliyejua kusoma kuta na matabaka, na huyo ndiye aliyeweka sawa mpangilio wa miji ile baada ya Schliemann kufariki mwaka 1890. Mtu anayekubali kumlipa anayeweza kumsahihisha ana sifa yake.

Rassam, mwenyeji aliyechimba kwao

Hapa napunguza mwendo, maana huyu wengi hawajamsikia. Hormuzd Rassam alizaliwa Mosul mwaka 1826 katika familia ya Wakristo wa Kikaldayo. Alikuwa kijana wa miaka 19 au 20 alipoajiriwa na Mwingereza Austen Henry Layard, aliyekuwa ameanza kuchimba Nimrud, mji wa kale wa Ashuru, mwaka 1845. Layard ndiye aliyepata umaarufu wa mafahali wenye mbawa na vichwa vya watu, na Obeliski Nyeusi yenye picha ya mfalme wa Israeli akisujudu. Lakini aliyezungumza na vibarua, akalipa mishahara, akatuliza ugomvi na kujua sheikh gani aombwe ruhusa, alikuwa Rassam.

Layard alipoachana na uchimbaji, Rassam akashika usukani kwa niaba ya Makumbusho ya Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1853, huko Ninawi, alichimba kwa siri usiku upande wa kilima ambao Wafaransa walikuwa wamegawiwa. Akafikia kasri ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru: kuta zilizochongwa mfalme akiwinda simba, simba jike anayejikokota na mishale mgongoni. Ukitaka kuona mchongaji wa karne ya 7 KK aliyemwonea mnyama uchungu, tazama simba yule. Humo pia ilikuwamo sehemu ya maktaba ya mfalme, na nyingine Layard alikuwa ameipata katika kasri ya Senakeribu. Kwa jumla ni vibao vya udongo na vipande vyake zaidi ya 30,000, vyenye maandishi ya kikabari, yale ya alama kama vijimisumari.

Miongoni mwa vibao vya Ninawi kimoja kilisubiri hadi mwaka 1872, George Smith alipokisoma akakuta masimulizi ya gharika, mtu aliyejenga chombo, ndege waliotumwa kutafuta nchi kavu. Alipoyatangaza London, Desemba 3 mwaka huo, watu walishtuka: kumbe habari ya gharika ilikuwa imeandikwa pia na Wababeli.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki Rassam ana mlango wa pembeni. Aliondoka kwenye uchimbaji akaenda kutumikia serikali ya Uingereza Aden, na kutoka huko akatumwa kumpelekea Mfalme Tewodros wa Ethiopia barua ya kuomba mateka waachiwe. Akageuka mateka mwenyewe, toka mwaka 1866 hadi majeshi ya Uingereza yalipoingia Maqdala mwaka 1868.

Baadaye alirudi Iraki ya leo. Kati ya 1878 na 1882 alipata mikanda ya shaba ya milango ya Balawat, Silinda ya Koreshi (pipa dogo la udongo lenye tangazo la mfalme Koreshi wa Uajemi) huko Babeli mwaka 1879, na makumi ya maelfu ya vibao huko Sippar. Kwa wingi wa maandishi aliyoyaokoa hakuna anayemfikia kati ya watatu hawa, na watu wanaosoma vibao vile bado hawajavimaliza.

Udhaifu wake ni mkubwa, na siwezi kuupunguza kwa kuwa nampenda. Alichimba vilima vingi kwa wakati mmoja, akaviacha mikononi mwa wasimamizi huku yeye yuko mbali. Kibao kilichotoka kwenye chumba gani, kando ya kipi, juu ya sakafu ipi, mara nyingi hakikuandikwa. Maandishi yanasema yenyewe yaliyomo, lakini maktaba ni zaidi ya maandishi: ni mpangilio wa nani aliweka nini wapi. Huo umepotea. Tena waajiri wake London walitaka vitu vingi kwa fedha kidogo, kwa hiyo lawama si yake peke yake.

Halafu yakamfika ya kumfika. Mfanyakazi mmoja wa Makumbusho ya Uingereza, Wallis Budge, alieneza kwamba ndugu zake Rassam walikuwa wakiuza vibao kwa mlango wa nyuma. Rassam akaenda mahakamani mwaka 1893 akashinda, akapewa pauni 50. Kitabu chake juu ya uchimbaji kilichapishwa Marekani mwaka 1897. Alifariki mwaka 1910, na kwa miongo mingi majina ya wengine yaliendelea kung'aa juu ya vitu alivyovitoa yeye.

Petrie, mtu wa vigae

Flinders Petrie, aliyezaliwa mwaka 1853, hakusoma shule rasmi. Alijifunza kupima ardhi kwa baba yake, wakapima Stonehenge pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1880 alifika Giza kupima Piramidi Kuu, akaishi ndani ya kaburi tupu lililochongwa mwambani. Alikwenda akiwa anavutiwa na nadharia kwamba vipimo vya piramidi vinaficha siri za kimungu. Alipima kwa uangalifu mkubwa, na vipimo vikaikataa nadharia. Akayachapisha mwaka 1883. Kwangu mimi hapo tu ameshajitambulisha.

Alipoanza kuchimba Misri alishangazwa na kilichotupwa. Wachimbaji walitafuta sanamu na dhahabu, vigae wakavikanyaga. Petrie akaona kinyume chake: dhahabu inayeyushwa na kuundwa upya, sanamu inahamishwa, lakini chungu kikivunjika hakuna anayekihitaji, kinabaki palepale kilipoanguka. Na mitindo ya vyungu hubadilika kama mitindo ya kanga. Ukijua mtindo upi ulifuata upi, kigae kimoja kitakuambia tabaka ni la lini. Mwaka 1890, huko Tell el-Hesi, Palestina, kwa wiki chache tu, alikisoma kilima kizima hivyo, tabaka baada ya tabaka.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilianzia Naqada, Misri ya juu, yaani ya kusini, msimu wa 1894 hadi 1895. Alifukua makaburi zaidi ya 2,000 yasiyo na jina la farao hata mmoja. Mwanzoni alikosea: akadhani ni watu wa taifa jipya waliovamia Misri. Mfaransa Jacques de Morgan akasema la, hawa ni Wamisri wenyewe wa kabla ya mafarao, na Petrie akakubali baadaye. Lakini makaburi yale yalikuwa ya lini? Hakukuwa na maandishi wala matabaka, ni mashimo yaliyotapakaa jangwani.

Alichukua makaburi kama 900 yaliyokuwa na vyombo vya kutosha, akaandika kila kaburi kwenye ukanda wake wa karatasi ngumu, pamoja na aina za vyombo vilivyokuwamo. Kisha akaanza kuzipanga kanda zile, akizisogeza juu na chini, mpaka makaburi yenye vyombo vinavyofanana yakaribiane. Ufunguo ulikuwa mtungi wenye vishikio vya mawimbi: wa mwanzo umetuna na vishikio vyake vinashikika, kadiri muda unavyopita mtungi unakuwa mwembamba na vishikio vinanywea, hadi mwisho kabisa unabaki mstari wa mawimbi uliochorwa tu kuzunguka shingo. Akaipa mfuatano huo namba, 30 hadi 80. Zile 1 hadi 29 aliziacha wazi kwa makusudi, kwa yatakayopatikana baadaye. Miaka ya 1920 yakapatikana makaburi ya kale zaidi huko Badari, na nafasi yao ilikuwa inawangoja. Sijui kitendo kingine cha karne ile kinachoonyesha heshima kubwa hivyo kwa mtu ambaye hajazaliwa.

Alipata pia vya kutazamika: picha za nyuso zilizochorwa na kuwekwa juu ya maiti za Hawara, na jiwe la farao Merneptah, mwaka 1896, lenye jina la Israeli katika maandishi ya Misri. Kila msimu alitoa kitabu karibu mara moja, na michoro ya vitu ambavyo wenzake wangevitupa. Howard Carter, atakayelipata kaburi la Tutankhamun, alifunzwa naye Amarna mwaka 1892 akiwa na miaka 17.

Anacho pia kisichopendeza, na mwanafunzi asikifiche. Petrie aliamini kwamba ustaarabu huletwa na taifa moja la watu likivamia jingine, na alimsaidia Francis Galton, baba wa fikra za kuboresha uzao wa binadamu, kwa picha na vipimo vya watu wa kale na wa siku zake. Mawazo hayo yalikuwa mabaya wakati ule, ni mabaya sasa.

Kuhusu vibarua, wa Schliemann hatuwajui isipokuwa kwa idadi. Rassam aliwajua, walikuwa watu wa kwao, ingawa aliwaachia kazi mno. Petrie aliwafunza. Aliwalipa bakshishi kwa kila kitu walichokipata, kwa bei ambayo mfanyabiashara wa sokoni angewapa, ili kitu kisifichwe. Ali Suefi aliongozana naye miaka mingi, na Petrie mwenyewe alimtegemea kuliko Wazungu wengi. Watu wa Quft aliowafunza katika miaka ya 1890 walirithisha ujuzi huo kwa watoto na wajukuu, na hadi leo "Qufti" ni jina la fundi wa uchimbaji Misri.

Basi umchukue nani?

Ukiwa na wiki mbili na unahitaji hadithi itakayokushika, mchukue Schliemann. Ana kila kitu: mali, tamaa, uongo, kesi, vita vya dunia. Shajara zake zimehifadhiwa Athens na wasomi wamezichambua neno kwa neno, hivyo utapata zoezi zuri la kutenganisha ushahidi na majigambo. Usimchukue kama unataka kujua namna ya kuchimba.

Ukipenda maandishi, Biblia, Babeli, au ukitaka kuuliza nani hupewa sifa na nani hunyimwa, mchukue Rassam. Utahitaji subira kwa sababu walioandika juu yake ni wachache. Vitu vyake vingi vinaonekana kwenye orodha ya mtandaoni ya Makumbusho ya Uingereza, bure.

Ukiniambia una muda na unataka mtu mmoja tu, nitakuambia Petrie, nami nina sababu ya kwetu. Mwaka 1891 Theodore Bent alichimba Great Zimbabwe, akatangaza kuwa waliojenga kuta zile walitoka Arabia. Akafuata Richard Hall, aliyeondoa matabaka ya makazi akiyaona takataka za watu waliokuja baadaye. Mwaka 1905 akaja David Randall-MacIver, aliyefunzwa kazi na Petrie Misri. Akatazama vigae. Vya wenyeji vilikuwa vya namna ileile chini hadi juu, na vya kigeni, vya Uajemi na China, vilikuwa vya zama za kati. Jibu lake: Waafrika ndio waliojenga, tena si zamani za Biblia. Walowezi wakakasirika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson, naye mwanafunzi wa Petrie, akachimba upya akafikia jibu hilohilo. Vigae vya China na Uajemi viliingia kwa njia ya pwani yetu, na baadaye ikapatikana palepale sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa. Mawazo ya Petrie juu ya mataifa yangewapa walowezi nguvu. Mbinu yake ndiyo iliyowanyang'anya hoja. James Kirkman huko Gedi na Neville Chittick huko Kilwa waliposoma magofu ya Waswahili kwa vigae vya kung'aa, walikuwa wakitembea njia hiyohiyo.

Kuanza naye si ghali. Makumbusho ya Petrie, London, ina vitu kama 80,000, na orodha yake iko wazi mtandaoni; vitabu vyake vya karne ya 19 vinasomeka bure. Tafuta mitungi ya Naqada yenye vishikio vya mawimbi, chapisha picha kumi bila tarehe, zichanganye mezani, kisha zipange mwenyewe toka uliotuna hadi mwembamba. Halafu ndipo ufungue kitabu uone yeye alizipangaje.